Wawili Shambani: Namna ya Kupanga Kazi, Maji, Nyuki na Bao kwa Mume na Mke Waishio Kijijini

Ugomvi wetu wa kwanza baada ya kuhamia kijijini ulitokana na jembe. Tulikuwa na majembe matatu, lakini moja tu ndilo lililokuwa na mpini uliokaa vizuri mkononi, na kila asubuhi mimi na mume wangu tulilikimbilia hilo hilo, kila mmoja akiamini kwamba kazi yake ndiyo iliyostahili kutangulia. Mjini tulikuwa tukionana jioni tu, naye amechoka na mimi nimechoka, kwa hiyo hatukuwahi kugundua kwamba hatukujua kushinda pamoja mchana kutwa. Mwongozo huu nimewaandikia walio katika hali hiyo: mume na mke ambao watoto wao wamekwisha kuondoka au hawajazaliwa, wenye shamba dogo, na wanaotaka kijiji kiwe mahali pa kuishi, si mahali pa kuchokea tu. Mifano yangu inatoka kwenye miteremko ya mlima Rwenzori upande wa Kasese, magharibi mwa Uganda, ambako tunakaa. Aliye Arua, Mubende au Tororo atabadilisha majira na mazao, lakini mpangilio wenyewe utamfaa.

Ninalolishauri ni jambo moja, na mengine yote yanalifuata hilo. Kila mmoja awe na shughuli yake ambayo mwenzake haigusi wala haikosoi, kisha pawepo shughuli moja ambayo haiwezekani bila watu wawili. Kwetu sisi mume wangu ana mvua, mimi nina bustani, na nyuki ni wetu sote.

Kabla ya kufungua mizigo

Nendeni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mkiwa wawili, siku za mwanzo kabisa, hata kama mmoja wenu alizaliwa katika kijiji hicho hicho. Mke asiyejulikana kwa mwenyekiti atapata taabu siku mumewe atakapokuwa safarini na jambo likatokea. Baada ya hapo, tembeeni mpaka wa shamba pamoja na majirani wa pande zote, kwa miguu, si kwa kuonyeshana kwa kidole kutoka barazani, na mtu mmoja aandike kila jiwe na kila mti wa mpakani mbele yao.

Kuhusu mahali pa kujenga nitasema machache. Asiyejenga bado asivutwe na uzuri wa mto. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 ukabomoa nyumba na madaraja huko Kilembe na Kasese, na ukafurika tena Mei 2020. Wazee walikuwa wamejenga juu ya mabega ya vilima, nasi tulidhani walipenda upepo tu. Shamba la mteremkoni nalo linahitaji makinga maji, yaani yale ya fanya juu, ambapo mtaro unachimbwa kwa kufuata usawa wa kilima na udongo wake kutupwa upande wa juu, kisha tuta linapandwa majani ya mifugo ili lisiporomoke. Hiyo ni kazi ya vibarua, na ni vizuri kuwalipa watu wenye nguvu waifanye mara moja kuliko mume wa miaka sitini kujivunja mgongo akitaka kuonyesha kwamba bado anaweza.

Siku ya watu wawili

Huku magharibi jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, kwa sababu tuko karibu sana na ikweta, ambayo hukata barabara ya Mbarara pale Kikorongo. Lakini sisi tulio upande wa mashariki wa mlima hupoteza jua mapema zaidi, kwa kuwa Rwenzori hulimeza kabla halijafika upeo wa macho, na kibaridi huteremka ghafla. Nalitaja hili kwa sababu wageni wengi hupanga kazi za shambani kana kwamba jioni ni ndefu. Kazi ya jembe ni ya kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi, na inayobaki baada ya hapo isubiri kesho.

Utaratibu wetu ni huu. Anayeamka kwanza anawasha jiko na kuwafungulia kuku, na hatuulizani ni zamu ya nani. Kuanzia saa moja kila mmoja anakwenda upande wake wa shamba: mume wangu kwenye kahawa, mimi kwenye maharage, muhogo na mboga. Tunakutana saa nne kwa chai, na hapo ndipo tunapozungumzia kazi. Kabla ya chai hakuna anayemwelekeza mwenzake jambo lolote, isipokuwa nyoka ameonekana au mbuzi wamekatika kamba. Kanuni hiyo inaonekana ya kitoto, lakini ndiyo iliyomaliza vita vya jembe, pamoja na mpini wa pili tuliomwagiza fundi aufananishe na ule wa kwanza.

Katika msimu wa kahawa utaratibu huo huvunjika, na ni lazima uvunjike, kwani matunda mekundu hayasubiri mtu. Wote wawili tunachuma, tunachagua mekundu pekee, tunayakoboa siku hiyo hiyo, tunayaacha yachachuke hadi utelezi uachie, tunayaosha, kisha tunayaanika juu ya meza za wavu mpaka unyevu ushuke kufikia kama asilimia 12. Katika wiki hizo msitarajie kufanya jambo jingine lolote la kujifurahisha, na msilaumiane kwa kulala saa mbili usiku. Chakula nacho kiwe chepesi kupika: bundu, yaani ugali wa muhogo, na sombe la majani ya muhogo lililopikwa kwa wingi jana yake linatosha watu wawili kwa siku mbili, na samaki wa ziwani akipatikana siku ya soko, ni sikukuu.

Mvua ndani ya mkebe

Mume wangu alichagua kupima mvua. Nilimcheka, kisha nikaanza kuyategemea maandishi yake kuliko ninavyoitegemea kalenda. Anayetaka kumfuata anahitaji mkebe wenye kuta zilizonyooka wima, mdomo na kitako vikiwa na upana mmoja, rula yenye milimita, na daftari. Mkebe uwekwe mahali pa wazi, mbali na mti au ukuta kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo cha kitu hicho, na ufungwe juu ya kigingi ili matone yanayoruka kutoka ardhini yasiingie. Kila siku saa tatu asubuhi rula inaingizwa, kina cha maji kinaandikwa, maji yanamwagwa. Siku isiyo na mvua iandikwe sifuri, kwa kuwa daftari lenye nafasi tupu halisemi kama mvua haikunyesha au kama mpimaji alikwenda harusini.

Faida ya kipimo hicho inaonekana mtu anapokijua kisa cha milimita moja: mvua ya milimita 1 juu ya eneo la mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba yetu inafunikwa na bati lenye eneo la mita 8 kwa 6, likipimwa chini kwenye ardhi linayoifunika, si kwenye mwinamo wa bati lenyewe, yaani mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 20 inatuletea lita 960, na tukitoa moja ya tano kwa ajili ya maji yanayoruka, kuvuja na kumwagwa, tunabaki na lita 768. Sisi wawili na kuku wetu tunatumia jerikeni nne za lita 20 kwa siku. Kiangazi cha siku 60 basi kinadai lita 4,800, na kwa bati letu tunahitaji jumla ya milimita 125 za mvua kuzipata. Kabla ya hesabu hiyo tulikuwa karibu kununua tangi la lita 1,000, kwa kuwa ndilo tuliloliona kwa jirani. Badala yake tulisubiri mwaka mmoja, tukaweka akiba katika kikundi, tukanunua la lita 5,000. Maji ya dakika za mwanzo za mvua ya kwanza baada ya kiangazi yasiingie tangini, kwa sababu yanaosha vumbi, majani na kinyesi cha ndege, na maji ya kunywa yachemshwe hata yakionekana meupe.

Jambo la pili ambalo daftari limetufunza ni kutoiamini mvua ya kwanza. Mvua zetu za masika huja kati ya Machi na Mei, na za pili huanza Agosti hadi Novemba, lakini mara nyingi mvua moja kubwa hutangulia, watu wakapanda maharage, kisha jua likawaka wiki mbili mfululizo na mbegu zikaungua. Mume wangu sasa hasemi tupande mpaka daftari lionyeshe mvua ya siku kadhaa zilizo karibu karibu. Majirani walimwita mganga wa mvua kwa mzaha. Siku hizi wanapitia barazani kumuuliza milimita.

Bustani yangu

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa kila mmoja anajua kupanda dodo, yaani mchicha. Bustani ya mboga iwe karibu na jiko kiasi kwamba maji ya kuoshea vyombo yanaifikia bila kubebwa mbali, iwe na uzio wa kuzuia kuku, na iwe ndogo kuliko mnavyodhani mnahitaji. Matuta mawili ya dodo, moja la nakati, moja la sukuma wiki, vitunguu pembeni, na mchaichai kwenye kona, vinawalisha watu wawili na kubakia cha kumpa mgeni. Mchaichai msiusahau, nitauhitaji huko mbele. Mume wangu haingii bustanini bila ruhusa yangu, kama nami nisivyougusa mkebe wake, hata ninapouona umeinama.

Nyuki

Nyuki ni shughuli ya wawili, na nasema hivyo bila fumbo: mzinga wa nyuki wetu wa Afrika hauvunwi na mtu mmoja kwa usalama. Mmoja anashika moshi, mwingine anashika sega, na mikono minne hiyo haina mbadala. Kabla ya yote, kila mmoja ajiulize kama amewahi kuumwa na nyuki akavimba midomo au koo, akatokwa na vipele mwili mzima au akashindwa kupumua. Aliyewahi kupatwa na hayo aiache kabisa shughuli hii, na wawili hao watafute nyingine. Kufuga samaki au kuchora vibuyu hakujamuua mtu.

Kuhusu mzinga, mzinga wa gogo ni rahisi kuupata lakini huvunwa kwa kuharibu makao ya nyuki, na mzinga wa fremu unadai mashine ya kukamulia ambayo bei yake haiwafai wanaoanza. Sisi tulichagua ule wa Kenya, unaoitwa KTB, ambao ni sanduku lenye mbavu zilizolala kwa ndani, lililofunikwa juu kwa pau zilizopangwa bega kwa bega, na chini ya kila upau nyuki hujenga sega moja. Siri yake yote imo katika upana wa upau, ambao kwa nyuki wetu ni milimita 32. Kipimo hicho kinalingana na nafasi ambayo nyuki wenyewe huiacha kutoka katikati ya sega hadi katikati ya sega jingine. Fundi wetu wa kwanza alisikia tatu na nusu, akakata nyingine sentimita 3 na nyingine karibu 4, na mimi niliyeagiza sikupima. Tulipofungua mzinga huo baada ya miezi tisa, masega yalikuwa yamevuka kutoka upau huu hadi ule, yameungana kama vyumba vya nyumba moja, na kila upau tuliouinua ulirarua watoto wa nyuki waliokuwa kwenye upau wa jirani. Asali ilimwagika, nyuki wakachafuka, nasi tukaufunga bila kuvuna. Tangu hapo hatumtajii fundi namba. Tunampa kipande cha mbao kilichokatwa milimita 32 kamili, naye anakata pau zake kwa kukilinganisha hicho, kisha tunazipitia zote moja moja kabla ya kulipa.

Chini ya kila upau, katikati na kwa urefu wake, pakwa mstari mwembamba wa nta iliyoyeyushwa ili nyuki wajue pa kuanzia. Milango ya mzinga iwe mifinyu, kimo chake kama milimita 8, ili nyuki wapite na panya washindwe.

Mahali pa kuuweka mzinga ndipo tulipokosea zaidi, na kosa hilo lilikuwa letu peke yetu. Tuliuweka karibu na njia ya kisimani kwa sababu palikuwa na kivuli kizuri. Siku moja mtoto wa jirani alimfunga mbuzi karibu na hapo, mbuzi akakwaruza nguzo kwa pembe, na mnyama aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia. Tulimlipa jirani mbuzi wake, tukahamisha mizinga usiku. Kwa hiyo wekeni mizinga hatua zisizopungua mia moja kutoka nyumba, njia na mahali pa kufungia mifugo, na mkiweza kuiweka mbali zaidi, iwekeni. Pandeni uzio wa miti mirefu mbele ya milango ili nyuki walazimike kuruka juu ya vichwa vya watu. Pawe na kivuli cha mchana, pawe na maji karibu, na pasiwe na shamba linalopuliziwa dawa za wadudu. Kama kahawa ni yenu, msipulizie wakati imechanua. Maua yake hufunguka siku chache tu baada ya mvua kuvunja kiangazi, na katika siku hizo chache nyuki wanakulipeni kwa kukamatisha matunda.

Mzinga utundikwe kwa waya kati ya nguzo mbili, kwa kimo cha kiunoni ili msilazimike kupanda ngazi gizani, na waya zipakwe grisi au oili chakavu ili siafu wasivuke. Majani yaliyo chini yake yafyekwe kila mara, kwani jani moja refu linalougusa mzinga ni daraja la siafu, na siafu wakiingia usiku mmoja, asubuhi mtakuta masanduku matupu.

Nyuki hawanunuliwi. Wanaalikwa. Sugueni ndani ya mzinga kwa nta ya zamani na kwa majani ya mchaichai yaliyopondwa, kwa sababu harufu yake inafanana na ile ambayo nyuki huitumia kuitana. Kisha subirini. Kati ya mizinga yetu mitatu, mmoja ulikaliwa baada ya wiki tano, wa pili baada ya miezi minne, na wa tatu ulikuwa nyumba ya mijusi kwa mwaka mzima. Wakati wa kusubiri, na hata baada ya kundi kuingia, kaeni jioni hatua kumi na tano pembeni ya mzinga, kamwe si mbele ya mlango, mkatazame tu. Mtaona vibarua wakirudi na chavua miguuni, ya manjano leo, nyeupe kesho, na mtaanza kubishana ni ya ua gani. Nusu saa hiyo ndiyo starehe yenyewe. Asali ni nyongeza.

Mavuno yafanywe jua linapozama, mzinga ukiwa umekwisha kukaliwa kwa miezi mingi na ukiwa mzito mnapouinua kidogo upande mmoja. Waambieni majirani tangu asubuhi ili wawaingize watoto ndani na kuwahamisha mbuzi. Vaeni mavazi ya kujikinga ya rangi nyeupe au hafifu, suruali zikiwa ndani ya buti, na kila mmoja amkague mwenzake zipu na shingo, maana mtu hawezi kujikagua kisogoni. Na siku hiyo msile ndizi mbivu, hasa bogoya. Nyuki anapouma hutoa harufu ya kuwaita wenzake wamsaidie, na kiungo kikuu cha harufu hiyo ni kile kile kinachozipa ndizi mbivu harufu yake. Mume wangu hakuniamini mpaka nilipomwambia anuse glavu yake baada ya kuumwa mara tatu.

Moshi utengenezwe kwa magunzi makavu, samadi kavu ya ng'ombe au majani makavu ya migomba, kamwe usiwe wa mpira wala plastiki. Anayeshika moshi ajaribu wa kwanza kwenye mkono wake mwenyewe. Ukiunguza mkono, utaunguza na nyuki. Mapulizo machache mlangoni, kisha msubiri kama dakika mbili bila kuongea sana. Fungueni kutoka upande ulio mbali na mlango, ambako asali hukaa, kwa sababu watoto wa nyuki huwekwa karibu na mlango. Anayeshika kisu anaachia upau wa kwanza taratibu kwa ncha ya kisu, anauinua wima bila kuulaza kwani sega jipya ni laini na litakatika kwa uzito wake, kisha anautazama. Sega lililoiva limezibwa kwa nta nyepesi angalau robo tatu ya uso wake. Lililo wazi bado lina maji mengi, na asali yenye unyevu uliozidi asilimia 20 huchachuka ndooni. Sega lililoiva hukatwa kwa kuacha utepe wa kidole kimoja juu ya upau, na kuingia moja kwa moja ndani ya ndoo yenye mfuniko ambayo mshika moshi huifungua na kuifunga. Mkifika kwenye sega jeusi lenye vifuniko vya kahawia vilivyotuna, hapo ni kwa watoto, rudisheni, fungeni. Sisi huacha masega matano ya asali hata pale ndoo inapotutamanisha, kwa kuwa nyuki wa huku wakikosa chakula hawafi njaa wakiwa wamekaa, wanahama.

Tuna neno moja tulilokubaliana, ambalo ni "basi". Yeyote akilisema, mzinga unafungwa na wote wawili tunaondoka, na sababu inaulizwa nyumbani. Mara moja mume wangu aliniambia, "Mama, basi," nikiwa nimebakiza sega moja zuri mno, nikafunga kwa hasira; tulipofika barazani nikaona zipu yangu ya shingoni ilikuwa imeachia upana wa vidole viwili. Anayeumwa aukwangue mwiba mara moja kwa ukucha, kwani kifuko cha sumu huendelea kusukuma hata baada ya nyuki kuondoka. Akianza kuvimba uso au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo kwa boda boda, msisubiri kumtafutia dawa ya kienyeji.

Asali ipondwe na kuchujwa kwa kitambaa safi bila moto, katika chumba kilichofungwa, la sivyo nyuki watawafuata hadi mezani. Ndoo zifunikwe kwa sababu asali hufyonza unyevu wa hewa. Makapi yachemshwe na maji, yakamuliwe ndani ya gunia, nayo nta itaelea na kuganda juu kama bamba, tayari kwa pau za mzinga ujao. Mnapowagawia majirani, waambieni kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali hata ya kulamba, kwani inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvishinda.

Wenzetu wanaopakana na Hifadhi ya Malkia Elizabeth hutundika mizinga kwenye waya kuzunguka mashamba, kwa kuwa tembo humwogopa nyuki. Huku juu hatuna tembo, tuna binamu wanaopenda asali ya bure, na kwao mizinga haijatusaidia.

Bao la jioni

Baada ya chakula, redio inazimwa na bao linawekwa katikati. Tunacheza mweso, ambao umeenea kutoka Buganda hadi huku, na ambao watu wawili wanaweza kuucheza miaka yote bila kuumaliza. Bao lina safu nne za mashimo manane, jumla 32, na kete 64, kila mmoja 32. Asiye na bao akate trei mbili za mayai na kuziunganisha. Kete ziwe komwe, maharage makubwa au vijiwe.

Kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake. Wanaojifunza waanze kwa kuweka kete nne katika kila shimo la safu iliyo karibu nao; wazoefu hupanga 32 zao wapendavyo, na hapo ndipo akili zinapopimwa. Zamu inaanza kwa kuchota kete zote za shimo lenye kete mbili au zaidi na kuzigawa moja moja kwa kuzunguka mashimo yako mwenyewe kinyume cha mwendo wa mikono ya saa. Kete ya mwisho ikianguka katika shimo tupu, zamu imekwisha. Ikianguka katika shimo lenye kete, unazichota zote pamoja na hiyo na kuendelea. Lakini ikiwa shimo hilo liko katika safu yako ya mbele, na mashimo yote mawili ya mwenzako yanayolikabili yana kete, unazila zote za mashimo hayo mawili na kuzigawa upande wako, ukianzia shimo linalofuata lile ulilochota mwanzoni mwa mzunguko huo. Kutoka mashimo manne ya mwisho wa kushoto, mawili ya mbele na mawili ya nyuma, unaruhusiwa kurudi kinyume, mradi kurudi huko kunakupa kula moja kwa moja. Mwenzako akifikia hali ya kutokuwa na shimo hata moja lenye kete mbili, amefungwa.

Mume wangu, mtu wa kupima na kuandika, hucheza polepole akihesabu kwa midomo. Mimi hucheza haraka, nikimwachia mashimo ya mbele yanayoonekana matamu ili ale na kuirundika safu yake, kisha nikarudi kinyume kutoka kushoto. Anayeshindwa ndiye anayetoka nje gizani kuwafungia kuku na kuangalia kama mkebe wa mvua umesimama wima, na hiyo ndiyo ruhusa pekee niliyo nayo ya kuugusa. Wiki hii nimeugusa mara nne.